Shairi la mapenzi linaweza kusema ukweli kuhusu sura ya mtu bila kumtusi?

Kijana wa Kondele:

Habari zenu nyote humu. Niko Kisumu na nina swali la ushairi ambalo pia ni swali la nyumba yangu, kwa hivyo mnivumilie kidogo. Desemba tunaenda kwa kina mchumba wangu upande wa Gem kupeleka ayie, ile hatua ya kwanza ya mahari kwa Wajaluo, na dada zake wameniomba nisome shairi siku hiyo kwa sababu wanajua huwa naandika. Nikaandika ubeti wa kwanza haraka haraka usiku mmoja, huu hapa:

Macho yako kama nyota, rangi yako ya dhahabu
Shingo ndefu ya kuvuta, kiuno kina ajabu
Meno lulu za kumeta, tausi hana jawabu
Moyo wangu wakuita, uniponye taratibu

Vina vimekaa, mizani iko sawa, rafiki zangu wakasema moto. Lakini nikiusoma naona hakuna mahali mchumba wangu ako kwa hayo maneno. Huyu msichana ni mweusi, mweusi wa kweli, ako na mwanya, shingo yake ni ya kawaida tu, na anauza samaki wa kukaanga soko la Kibuye, ngege na mgongo wazi (ile mifupa ya mbuta), na sauti yake ikifika jioni imekauka kwa kuita wateja. Mkono wa kulia una kovu la mafuta kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Na mimi nampenda huyo, si yule wa nyota na tausi. Nikaandika mwingine:

Si nyota machoni mwake, nyota ziko mawinguni
Si lulu kinywani mwake, ni mwanya uko menoni
Kovu mkononi mwake, la mafuta ya sokoni
Na mimi ni mtu wake, simuachi abadani

Binamu yangu aliposikia huu wa pili akanikataza kabisa, ati nitakuwa nimemtusi binti wa watu mbele ya mama yake, ati shairi la mapenzi kazi yake ni kusifu na mambo ya kovu yabaki hospitali. Sasa nauliza, kuna njia ya kumwandikia mtu vile alivyo na bado likawa shairi la mapenzi? Kuna watu wamewahi kufanya hivyo wakaeleweka? Mchumba bado hajauona, nataka iwe sapraizi.

Mwalimu wa Kakamega:

Ndugu, karibu, swali lako lina zaidi ya miaka mia nne. Nafundisha fasihi huku na kila mwaka nikifika kwa soneti ya 130 ya Shakespeare, soneti ni shairi la mistari kumi na minne, darasa huwa linagawanyika pande mbili, na upande mmoja huongea kama huyo binamu yako.

Wacha nieleze ilitoka wapi maana bila hiyo utaona kama ni mtu mkorofi tu anaandika. Kuna mshairi wa Italia anaitwa Petrarch, alifariki 1374. Kwa maneno yake mwenyewe alimuona mwanamke anaitwa Laura kanisani Avignon mwaka wa 1327, na kutoka hapo akaandika na kuandika, mkusanyo wake una mashairi 366 na mengi ni ya huyo Laura. Nywele dhahabu, macho jua, mkono mweupe. Yeye alikuwa fundi, shida ni waliomfuata. Kwa miaka zaidi ya mia mbili washairi wa Ulaya wakawa wanakopi ile orodha, kila mtu mpenzi wake ana nywele za dhahabu na midomo ya marijani hata kama hajawahi kuiona marijani. Uingereza homa hiyo ilipanda sana miaka ya 1590.

Sasa soneti zake Shakespeare zilichapishwa 1609, ziko 154, na kuanzia ile ya 127 mpaka 152 anamwandikia mwanamke mwenye nywele nyeusi na macho meusi, na wakati huo uzuri uliohesabiwa kwao ulikuwa weupe. Kwa ile ya 130 anachukua orodha yenyewe anaipinga kitu kwa kitu. Macho ya mpenzi wangu hayafanani na jua hata kidogo. Marijani ni nyekundu kushinda midomo yake. Theluji ni nyeupe, kifua chake hapana. Nywele ni waya nyeusi. Waridi nimeziona lakini si mashavuni mwake. Kuna manukato matamu kuliko pumzi yake, hapo ndio wanafunzi wangu hupiga kelele. Sauti yake naipenda lakini muziki ni mtamu zaidi, na sijawahi kuona mungu wa kike akitembea, wangu akitembea anakanyaga ardhi.

Mistari kumi na miwili ya hivyo. Halafu miwili ya mwisho inageuza kila kitu: anaapa kwamba mpenzi wake ni wa nadra sawa na mwanamke yeyote aliyepakwa milinganisho ya uongo. Uongo anaowashtaki nao ni wa washairi wenzake, mwanamke hajaguswa hapo. Jua limeshindwa kuwa macho, basi, macho yabaki macho ya mtu.

Na usifikirie orodha ni ya Wazungu peke yao. Sisi tunayo ya kale kabisa. Ule utumbuizo wa Mwana Manga unaohusishwa na Fumo Liyongo unamsifu mwanamke kiungo kwa kiungo, ni kazi tamu sana na sitaki mtu aidharau. Lakini vile imefika kwetu leo, shingo ya twiga, kiuno cha nyigu, macho ya gololi, hakuna anayeangalia tena, yanatoka mdomoni yenyewe. Ubeti wako wa kwanza umeandikwa na hiyo orodha. Wewe ulishika kalamu tu.

Kwa hivyo jibu langu ni soma ule wa pili, ila uwe na mgeuko kama ule wa mistari miwili. Wako uko kwa mstari wa nne lakini ni dhaifu, "na mimi ni mtu wake" inasikika kama unasema nimekubali hasara. Hapo ndipo mama mkwe ataumia.

Dada wa Section 58:

Mwalimu umeeleza vizuri lakini nina neno. Mimi niko Nakuru, nafanya kazi saluni, na wacha niwaambie hizi orodha zinaishia wapi. Zinaishia kwa kiti changu. Msichana anakuja na picha kwa simu anataka afanane nayo, anauliza ni krimu gani itamtoa weusi, na si mmoja. Kuna mmoja alikuja na mashavu yamechubuka yamekuwa mekundu yanawasha, hawezi kukaa kwa jua, na bado anauliza kama kuna krimu yenye nguvu zaidi. Aki niliumia. Huyo hakuamka siku moja akachukia ngozi yake. Amesikia rangi ya thao, yaani weupe kama noti ya elfu, tangu akiwa primari, amesikia nyimbo zote zikisifu rangi ya chungwa, mavulana wakimpita wakienda kwa mwenzake mweupe. Shairi la mapenzi ndio mahali mtu anajifunza nani anastahili kupendwa, kwa hivyo kijana kuandika kwamba ni mweusi na anampenda hiyo si kitu kidogo na binamu asikutishe.

LAKINI. Hiyo soneti ya mwalimu, mimi nikiisoma nasikia wanaume wawili wanabishana, Shakespeare na wale wengine, na mwanamke amesimama katikati anapimwa. Huyu anasema ni jua, yule anasema si jua. Yeye mwenyewe anasema nini? Hatujui, hajapewa hata mstari mmoja. Na wewe Kondele umeandika kovu lake, umeandika meno yake, unataka kuyasoma mbele ya ukoo mzima na hujamuuliza. Sapraizi ni keki.

Nendeni kwa Wimbo Ulio Bora sura ya kwanza. Hapo mwanamke ndiye anaongea, "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Halafu anaeleza, msinichunguze hivyo, jua ndilo limeniunguza, ndugu zangu walinikasirikia wakaniweka nilinde mashamba ya mizabibu. Mnaona? Weusi wake una sababu na sababu ni kazi, alipewa kazi ya jua, na anaisema bila kuomba msamaha. Mwanamume pia kwa hicho kitabu anamsifu kwa orodha, nywele kama kundi la mbuzi linateremka mlima Gileadi, shingo kama mnara, lakini kwa sababu yeye mwenyewe ameshaongea ile orodha haimmezi.

Muulize mchumba wako kwanza. Tafadhali.

Baba Wawili, Busia:

Mimi naungana na huyo binamu nusu. Ushairi wa sifa kila mtu anajua umepita kiasi na hakuna anayedanganyika. Mke wangu siku ya harusi aliitwa nyota, mwezi na malkia, na miaka yote hajawahi kusimama mbele ya kioo akitafuta nyota. Alifurahi kwa sababu kuna mtu alikaa chini akamtafutia maneno makubwa. Huyu dada wa Kibuye kutwa nzima anaitwa mama samaki leta bei, pengine siku moja anataka kuitwa dhahabu mbele ya watu, na wewe unamletea kovu na mafuta yale yale aliyoacha sokoni. Fikiria hilo pia. Ukweli ni mzuri lakini siku ya mtu ni siku yake.

Dada wa Section 58:

@Baba Wawili hapo umenigusa, ni kweli kuna siku mtu anataka kupambwa na hakuna ubaya. Ndio nasema aulizwe. Ila "dhahabu" kama rangi ya ngozi kwa msichana mweusi, hiyo apana. Hapo unamwambia ungekuwa mwingine ningekupenda vizuri.

Ja Siaya:

Mnasahau mnaenda Gem. Kwetu Wajaluo mtu akisifiwa kwa pakruok (majigambo ya sifa), kwa nyatiti (ala yetu ya nyuzi) au kwa benga (muziki wa gitaa), mara nyingi hatuanzi na pua yake. Tunaanza na anakotoka. Nyar fulani, binti wa watu wa mahali fulani, dada ya fulani, halafu tabia yake, ukarimu wake, vile anasimama na watu wake. Mwanamke anasimama hapo na ukoo mzima nyuma yake, na hakuna mtu anauliza kama shingo ni ndefu. Kondele ukianza shairi lako na nyar Gem wazee watakupigia vigelegele kabla hujafika kwa samaki, na kovu likija baadaye litakuwa la mtu wanayemjua, mtoto wao aliyeenda Kisumu akajitafutia. Shida ya beti zako zote mbili, ya nyota na ya kovu, ni kwamba msichana ameelea tu, hana mama wala nyumbani.

Mpenda Vina (Bungoma):

Nimesoma yote, mjadala mtamu. Mimi nataka kuingia kwa ubeti wenyewe maana tumeuacha.

Kwanza ufundi. Vina vya kati umetumia mwake, mwake, mwake, wake. Hiyo ni kukwepa kazi, neno moja limebebeshwa mistari yote minne. Tafuta maneno tofauti yenye mwisho mmoja. Mizani iko sawa nane kwa nane, hapo hongera.

Pili na ndio kubwa, neno "si". Umeanza na si nyota, si lulu. Mtu akisikia si nyota kitu cha kwanza anaona ni nyota, halafu unamnyang'anya. Shakespeare aliweza kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wamechoshwa na ile orodha, walikuwa wanaingoja ichanwe. Mama mkwe wako hajachoshwa na kitu. Yeye hana habari ya Petrarch. Atasikia tu binti yangu si nyota, binti yangu si lulu, ana mwanya. Na mwanya kwanza kwa watu wengi huku ni sifa, umeupanga pamoja na kovu kama dosari, nani alikuambia ni dosari? Angalia vile orodha bado iko ndani yako hata ukiipinga.

Kuna njia nyingine. Neruda, mshairi wa Chile, aliandika soneti mia moja kwa mpenzi wake Matilde Urrutia, kitabu kilitoka 1959, na kwa ile ya ishirini anamwita mbaya wangu halafu mzuri wangu, mbaya wangu, mzuri wangu, anaenda akirudi mpaka yale maneno mawili yanakuwa kitu kimoja na mwishoni anampenda kwa yote mawili. Hiyo nayo ni hatari kusoma Gem, usijaribu haha, lakini ona kwamba anazungumza na mtu anayemjua kila upande, hana haja ya kubishana na washairi wengine.

Na ukitaka wa nyumbani, msome Shaaban Robert alipomlilia mkewe Amina. Kuna ua moja hapo, ua lililofunga baada ya kuchanua, lakini uzito wa shairi uko kwa maradhi, kwa dua aliyomwombea ainuke, na kwa mapenzi waliyofunga ambayo hakuna wa kuyafungua. Sijui sura ya Amina ilikuwaje na sijawahi kuhitaji kujua. Mimi nikisoma nasikia mtu aliyekaa kando ya kitanda. Kama unataka kushinda mambo ya shingo na kiuno basi mwonyeshe akifanya kitu, au mwonyeshe na wewe mkiwa mahali fulani. Mwanamke anayegeuza samaki kwa karai la mafuta huku anahesabu chenji hana nafasi ya kuwa twiga.

Kijana wa Kondele:

Wakubwa asanteni, nimerudi. Nilikaa na maneno ya dada wa Nakuru siku kadhaa halafu jana jioni nikaenda Kibuye akifunga, nikamwambia kuna shairi, nikamsomea ubeti wa pili hapo hapo kwa benchi wakati karai linapoa, na nikamwambia vile nimewaeleza hapa weusi wake.

Weusi hakuwa na shida nao kabisa, aliniuliza tu kama nilikuwa nafikiria hajui ni mweusi. Mwanya alicheka, akasema ni wa nyanya yake na kule Gem wakiuona watajua ni mtoto wa nani, kwa hivyo Ja Siaya na Mpenda Vina mlikuwa sawa nyote. Kwa kovu akanyamaza. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekifikiria, akasema hataki kovu lake liwe zuri. Ati liliuma. Ati siku hiyo mafuta yalimrukia wateja wakiwa wamepanga laini na akafunga mkono na leso akamaliza samaki waliokuwa kwa moto kwa sababu ilikuwa pesa ya mkopo, na usiku hakulala, na sasa mimi nataka kulivisha vina watu wapige makofi. Akasema ukilitaja litaje vile lilikuwa. Na ukinisifu msifu na mama, yeye ndiye alinifundisha hii kazi.

Nikakaa kimya kwa sababu ni kweli, nilikuwa nimelitoa kovu kwa orodha ya ubaya nikaliweka kwa orodha ya uzuri, na yeye hakuwa anataka orodha yoyote.

Kwa hivyo shairi sasa lina sauti mbili. Naanza mimi, na nyar Gem na nyumbani kwao vile Ja Siaya alisema, beti tatu, huko kuna mwanya wa nyanya na kuna hata dhahabu kidogo kwa ajili ya Baba Wawili ila ni dhahabu ya jua likizama ziwani Dunga, si ya ngozi. Halafu ubeti wa nne anaongea yeye. Ameukubali, maneno yote ni yake, mimi nimepanga tu:

Kovu si pambo, sikia, mafuta yaliniuma
Kazi sikuikimbia, wateja wamesimama
Ukija kunisifia, taja na mkono wa mama
Kwake nilijifunzia, kukaanga na kupima

Binamu bado hajakubali lakini amesema atakuja.

Dada wa Section 58:

"Kovu si pambo, sikia." Huo mstari nauandika kwa karatasi naubandika saluni karibu na kioo, kama mwenyewe ataruhusu. Mwambie nimeuliza.

Mwalimu wa Kakamega:

Hapa nakubali dada wa Nakuru alichosema kuhusu soneti. Nimeifundisha miaka na sikuwahi kuwauliza wanafunzi yule mwanamke angejibu nini. Muhula ujao nitawapa kama zoezi, waandike mistari kumi na minne ya jibu lake. Kijana, ukiniruhusu nitawasomea ubeti wenu wa nne kwanza, bila majina.

Mpenda Vina (Bungoma):

Vina safi sasa, ia na ma, hakuna neno limerudiwa. Mstari wa tatu upande wa pili una mizani tisa, hesabu: ta-ja-na-m-ko-no-wa-ma-ma. Toa hiyo "na", ibaki "taja mkono wa mama", inatosha. Na swali moja la mwisho, huo ubeti wa nne siku yenyewe anausoma nani? Kama ni wewe utausoma kwa sauti yako basi tumerudi kwa Shakespeare.

Kijana wa Kondele:

Nimetoa "na", asante. Anausoma yeye. Ameanza kuukariri sokoni akigeuza samaki, na wateja wengine tayari wanaujua.